Mambo ya Nyumbani: Nyumba Tuliirithi, Ufagio Hatukuurithi

Juma lililopita nilipokea barua ya msomaji mmoja akaaye upande wa Molo, naye ana jambo lililomsumbua kwa muda mrefu. Asema kwamba anakaa katika nyumba ya mawe iliyojengwa na mlowezi zamani, yenye meko ya ukutani na dohani ndefu, ndiyo watu wengi waitayo chimni. Kila ufikapo mwezi wa Juni, baridi inapozidi, huwasha moto jioni ili watoto waote. Lakini siku hizi moshi, badala ya kupanda juu, hurudi chumbani. Watoto wakohoa, ukuta umekuwa mweusi, na mkewe amemshauri ayazibe meko hayo kwa matofali, kisha wanunue jiko la makaa la kuweka katikati ya chumba. Bwana huyo aniuliza: "Je, nimsikilize mke wangu?"

Nataka kumjibu kwa urefu, maana najua kwamba shida hii si yake peke yake. Nyumba za namna hiyo zingali zimesimama Limuru, Kinangop, Molo, Kericho na Uasin Gishu, katika nchi za juu ambako asubuhi nyingine twaamka na kuona sakitu nyeupe juu ya majani. Wengi wetu twakaa ndani yake bila kujua yaliyomo katika dohani zake. Mimi mwenyewe sikujua, na kutojua huko nusura kutugharimu nyumba na watoto. Basi kabla ya kutoa shauri, yafaa nieleze yaliyotupata.

Babu yangu alipata kipande cha shamba huko Kinangop mwaka 1964, wakati mashamba ya walowezi yalipokuwa yakinunuliwa na kugawiwa wananchi. Katika kipande chake ilikuwamo nyumba ya mawe yenye vyumba vinne na dohani mbili. Babu alipewa funguo, akaingia, akawasha moto, akashukuru Mungu. Alipofariki, baba yangu akawasha moto katika meko yale yale, na baada yake sisi. Kwa muda wa miaka zaidi ya 50 tulipaka rangi milango, tukabadilisha mabati, tukatengeneza madirisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuangalia ndani ya dohani.

Usiku mmoja wa Julai mwaka 2016 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mvua ilikuwa imelowesha kuni, nasi tukazichoma hivyo hivyo. Baadaye ndugu yangu akatupa motoni fungu la matawi makavu ya msipresi, na miale ikapanda juu kwa nguvu. Mara tukasikia mngurumo ndani ya ukuta, kama lori lipandalo mlima. Tulipotoka nje tuliona moto ukitoka juu ya dohani kama mwenge, na cheche zikiruka mpaka karibu na ghala la nyasi.

Mama alikuwa amekwisha kuinua ndoo ya maji aimwage mekoni, lakini mzee mmoja jirani, aliyekuwa ameziona cheche akaja mbio na bakora yake, akapaza sauti: "Usimwage maji, mama! Matofali yatapasuka! Watoeni watoto kwanza!" Tukawatoa watoto wakiwa wamefunikwa blanketi. Kisha mzee akatuagiza tuumwagie moto wa chini majivu na mchanga, tukaziba mdomo wa meko kwa kipande cha bati ili upepo usiingie. Ndugu yangu alisimama karibu na ghala akiwa na magunia yaliyoloweshwa maji. Baada ya muda wa nusu saa hivi mngurumo ukapungua, mwisho ukanyamaza.

Asubuhi nilipanda darini na tochi. Dohani ilikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wangu. Karibu na ufa huo palikuwa na boriti ya paa ambayo ncha yake ilijengwa ndani ya matofali ya dohani, na ncha hiyo ilikuwa imegeuka makaa. Kama moto ungalipata nafasi kidogo zaidi, ungalishika paa zima.

Yule mzee alikuwa amefanya kazi jikoni mwa nyumba hiyo tangu ujana wake, zamani za mlowezi. Akanieleza kwamba kila mwezi wa Februari ilikuwa kazi yake kupanda juu ya paa na fungu la matawi magumu lililofungwa kwenye kamba, na kufagia dohani zote mbili mpaka masizi yajaze debe. Nikamwuliza, "Mzee, mbona hukutuambia siku zote hizo?" Akanijibu pasipo hasira, "Mjukuu wangu, hamkuniuliza. Siku ile babu yako alipopewa funguo, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba."

Neno hilo halijanitoka moyoni hata leo. Tulirithi nyumba, lakini ufagio hatukuurithi, kwa kuwa hatukumfikiria aliyekuwa ameushika.

Huko Uingereza, ambako mfano wa nyumba hizi ulitoka, kufagia dohani ni kazi ya zamani sana, na historia yake ina huzuni. Kwa miaka mingi watoto wadogo walitumwa kupanda ndani ya dohani nyembamba wakikwangua masizi kwa mikono. Mwaka 1775 daktari mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wafagiaji hao walipatwa na saratani ya ngozi kwa sababu ya masizi yaliyoganda mwilini mwao. Bunge lilitunga sheria ya kwanza ya kuwalinda mwaka 1788, na nyingine baadaye, lakini watu wengi hawakuzifuata. Mwaka 1875 mtoto aitwaye George Brewster alikwama ndani ya dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, akafa. Na bwana wake aliyemtuma alihukumiwa kifungo. Mwaka huo huo, kwa juhudi za Lord Shaftesbury, ilitungwa sheria iliyomlazimu kila mfagiaji kuwa na leseni. Tangu hapo kazi ikawa ya brashi na fimbo ndefu.

Nchi nyingine zimeipa kazi hii heshima kubwa. Katika Ujerumani, hata leo, sheria yamtaka mwenye nyumba kumfungulia mlango mfagiaji wa dohani aliyewekewa eneo lake, akague meko na njia za moshi. Katika Marekani, kanuni nambari 211 ya chama cha kuzuia moto kiitwacho NFPA yasema kwamba dohani ikaguliwe angalau mara moja kila mwaka. Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Dohani zilijengwa, lakini kazi ya kuzifagia ilifanywa na watumishi, na watumishi walipoondoka, kazi ikaondoka pamoja nao.

Sasa nieleze sababu ya dohani kushika moto. Moshi wa kuni si hewa tupu. Ndani yake mna mvuke wa maji, masizi, na mafuta mazito ya mti ambayo hayakuungua. Moshi upandapo na kukutana na ukuta wa dohani ulio baridi, vitu hivyo huganda ukutani, kama vile mvuke wa sufuria unavyoganda kwenye kifuniko. Mgando huo huitwa kreosoti. Mwanzoni huwa kama vumbi jeusi, na hufagiwa kwa urahisi. Ukiachwa huwa kama magamba. Ukiachwa zaidi huwa kama lami ing'aayo, na hapo brashi ya kawaida haiwezi kuutoa. Kreosoti ni chakula cha moto. Ikishika, joto ndani ya dohani huweza kupita digrii 1,000 za sentigredi, na dohani ya kale iliyojengwa kwa matofali na chokaa tupu huweza kupasuka.

Kuni mbichi ndizo zizidishazo kreosoti. Moto wake ni hafifu, moshi wake ni mwingi na wa baridi. Kwa hiyo kuni zipasuliwe, zipangwe chini ya paa mahali papitapo upepo, zikae miezi sita hata mwaka mmoja. Kuni zilizokauka vizuri huwa na nyufa katika ncha zake, na zikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Zilizo mbichi hutoa sauti nzito.

Hatari ya pili ni ya kimya, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Dohani ikizibwa na masizi, na viota vya ndege, au na nyuki, ambao hupenda sana dohani zisizotumika, moshi hurudi nyumbani. Pamoja na moshi huja hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na hivyo mwili hukosa pumzi ijapokuwa mtu anavuta hewa. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukiona watu wa nyumba nzima wanaumwa na kichwa wakati mmoja, nao wapata nafuu wakitoka nje, usiseme ni homa. Toka nje pamoja na watu wote, usiwashe tena moto huo, na uwapeleke wagonjwa hospitali.

Hewa hiyo hiyo ndiyo itokayo katika jiko la makaa. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo watu huyaamini. Lakini kila msimu wa baridi twasoma habari za watu waliolala na jiko chumbani, wamefunga mlango na dirisha, wasiamke tena. Basi ndugu yangu wa Molo, mkeo amesema kweli kwamba moto wenu kama ulivyo sasa ni hatari. Lakini jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari zaidi. Msitoke mvuani mkaingia mtoni.

Haya basi, yafaa kufanya nini? Nitaeleza kama tulivyofundishwa na yule mzee, na kama nilivyojifunza baadaye kwa fundi.

Kwanza, chagua wakati. Fanya kazi hii Januari au Februari, wakati wa kiangazi, kabla mvua za masika hazijafanya paa liteleze, na mapema kabla ya baridi ya Juni. Moto uwe umezimwa kwa muda wa siku nzima.

Pili, kagua kabla ya kufagia. Ingiza tochi na kioo ndani ya meko, uangalie juu. Ukiiona mbingu, njia ni wazi. Usipoiona, kuna kizuizi, au pengine dohani ina kona. Kwaruza masizi kwa kijiti. Yakiwa yamefikia unene wa milimita 3, lazima yafagiwe. Ukiona kitu kama lami ing'aayo, usiwashe moto kabisa mpaka fundi aje. Na ukisikia nyuki, mwite mtu azoeaye nyuki. Usijaribu kuwafukuza kwa moto mkubwa, maana nta huwaka.

Tatu, fagia. Toa viti na mazulia chumbani, kisha ziba mdomo wa meko kwa shuka kuukuu. Tumia brashi ya waya au ya nywele ngumu yenye upana ulingane na njia ya moshi, ukiunga fimbo moja baada ya nyingine. Asiyeweza kununua brashi aweza kutumia matawi magumu yaliyofungwa kwenye kamba, mtu mmoja akivuta kutoka juu na mwingine kutoka chini. Usiteremshe jiwe zito wala mnyororo, kwa kuwa huvunja matofali ya kale. Afanyaye kazi afunike pua na mdomo, avae nguo za mikono mirefu, na aoge mara amalizapo. Kumbukeni habari za Percivall Pott: masizi si uchafu wa kuchezea. Na mtoto asitumwe kazi hii, wala mtu asipande paani peke yake.

Nne, panda darini. Angalia dohani mahali ipitapo ndani ya paa. Alama nyeusi juu ya matofali ni ishara kwamba moshi wapenya. Ukiweza kuchokoa chokaa kwa kidole kati ya matofali, imekwisha kuliwa na asidi ya moshi, nayo hutaka kujazwa upya. Tazama sana boriti zote zilizo karibu. Wajenzi wa zamani mara nyingine waliegemeza boriti katika ukuta wa dohani, na mti upatao joto kila mwaka hukauka zaidi na zaidi mpaka siku moja ushike moto.

Tano, tazama juu ya paa. Dohani ipite paa kwa futi 3 angalau mahali inapotokea, tena iwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho karibu nayo kwa futi 10. Ikiwa fupi, upepo huusukuma moshi urudi chini. Wengi wetu tumeinua mapaa au kuongeza vyumba pasipo kuirefusha dohani, kisha twashangaa kuona moshi sebuleni. Juu yake weka kofia ya bati yenye wavu wa waya pembeni, ili mvua, ndege na nyuki wasiingie na cheche zisitoke.

Sita, ukiwa na uwezo, nunua kile chombo kidogo cha kuonya ambacho hulia kikiona hewa ya sumu. Hupatikana katika maduka ya miji mikubwa. Kijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kifungo chake. Lakini kisikupe usingizi wa kupuuza brashi, kwa kuwa chombo hulia hatari ikiwa imekwisha kuingia ndani.

Na ikiwa baada ya ukaguzi mwaamua kuyaziba meko, si vibaya. Ila msiyazibe kabisa. Acheni tundu dogo chini la kupitisha hewa, na juu wekeni kofia, maana dohani iliyozibwa pande zote hukusanya unyevu, na ukuta huharibika.

Najua wako watakaosema kwamba kazi hii ni gharama. Sisi tulimlipa fundi kwa kuziba ufa, kukata boriti iliyoungua na kuweka nyingine mbali na matofali, na malipo hayo yalizidi sana bei ya brashi moja. Na hatukupata hasara kubwa kwa sababu moja tu: mzee aliyejua alikuwa hai, na bado alikuwa na nguvu za kutembea mpaka kwetu usiku ule. Je, kama angalikuwa amefariki mwaka mmoja kabla?

Mwezi wa Februari uliofuata nilichukua likizo ya siku mbili, nikamwomba yule mzee aje kutufundisha. Aliketi kitini uani, bakora magotini, akatuelekeza mimi na ndugu yangu tuliokuwa juu ya paa. Tulipoteremsha debe la kwanza la masizi, alitia kidole ndani, akalisugua kati ya vidole viwili, akasema, "Bado. Fagieni tena." Tukafagia tena. Tangu siku hiyo siku ya dohani ni siku maalumu kwetu, na watoto wetu husimama chini na kutazama, ili wajue.

Basi ndugu msomaji uliye katika nyumba ya zamani, usingoje mngurumo. Mtafute mzee aliyewahi kufanya kazi katika nyumba yako au ya jirani, umkalishe, umpe chai, umwulize nyumba hiyo ilikuwa ikitunzwaje. Huenda anajua mfereji wa maji ulipozikwa, ukuta upi una ufa, na dohani ipi huvuta vibaya. Wazee hao wamebaki wachache. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza, asiyefagia dohani atajenga paa.

Juma lijalo nitajibu maswali yaliyoletwa kuhusu matangi ya maji ya mvua. Hadi hapo, kaeni salama na joto lililo jema.